Jiko la Kilowati Sita

Edita Mansilla alikuwa ameshakata kigogo cha nne kabla maji hayajachemka. Kuni za mjini Valle Lengas huuzwa zikiwa na urefu wa sentimita thelathini na tatu, na ndivyo zilivyouzwa tangu baba yake alipokuwa kijana, lakini mdomo wa jiko jipya ulimeza ishirini na tano tu. Basi kila asubuhi alitoka uani na msumeno, akakanyaga gogo la mti wa lenga lililoganda kama jiwe, akapunguza kipande kimoja baada ya kingine. Vumbi la mbao lilimwagika juu ya theluji. Vile vishina vilivyobaki, vya urefu wa kiganja, alivitia kwenye ndoo. Vilishika moto haraka na kwisha haraka, kama ahadi za wagombea udiwani.

Alipoingia ndani alikuta jiko limeanza kuwa jekundu ubavuni. Fundi alikuwa amemwonya: likifika hapo, mama, chuma kinapinda, usilichochee kiasi hicho. Lakini asipolichochea kiasi hicho hata sebule haikupata joto, sembuse chumba cha nyuma.

"Mama Nelda!" Sauti ya mumewe ilitoka huko nyuma, nyembamba, imekatwa katikati na kikohozi. "Saa ngapi?"

"Saa moja kasoro. Lala."

"Nilale vipi? Hata usingizi umeganda."

Alimpelekea kibuyu cha chai chungu ya majani ya mate, akamshikia mrija wa chuma mpaka mdomoni, maana mikono yenyewe ilikuwa chini ya mablanketi matatu na haikutaka kutoka. Rosamel alikuwa amelala na koti lake la kiwandani na kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Mpira wa oksijeni ulimpita mashavuni ukaingia puani. Miaka thelathini na nane alipasua mbao kwenye kiwanda cha ng'ambo ya mto, na vumbi la mbao zile alikuwa bado nalo kifuani. Juu ya kitanda Edita alitundika kipimajoto cha kioo alichopewa na zahanati. Kilisoma nyuzi saba. Sebuleni, hatua nne kutoka kwenye jiko, kingine kilisoma ishirini na tisa.

"Mhamishe sebuleni," watu walimwambia, na yeye alichoka kuwajibu. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye jiko katikati, kitanda cha Edita nyuma ya pazia, na choo pembeni. Muuguzi alisema mtungi wa oksijeni ukae mita tano kutoka kwenye moto wowote, la sivyo nyumba nzima itaruka na waliomo. Ukipima kutoka kwenye jiko, ukuta hadi ukuta, hakuna pembe iliyofika mita tano. Mahali pekee palikuwa kile chumba cha nyuma, mita tatu kwa nne na nusu, walichokijenga wenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita kwa mbao zilizokataliwa kiwandani, wakati Rosamel bado anaweza kubeba boriti begani na kupiga mluzi.

Jiko la zamani lilikifikia chumba kile. Lilikuwa pipa la chuma kizito, baya la sura, linavuja moshi kila mlango ukifunguliwa, lakini joto lake lilipita mlangoni kama mgeni anayejua njia. Aprili walikuja watu wa Ofisi ya Hewa Safi. Mji ulikuwa unazama kwenye moshi, walisema, na kila nyumba itapewa jiko jipya bure, lisilotoa moshi. Hawakusema uongo, moshi ulikuwa ukiua watoto na wazee, na Edita mwenyewe alikuwa ameweka jina lake kwenye orodha miaka mitatu kabla ya hapo. Majiko yalikuwa ya namna mbili: la kilowati sita kwa nyumba isiyozidi mita za mraba arobaini, la kilowati kumi na mbili kwa nyumba iliyozidi. Aliyechagua si mwenye nyumba. Ilichagua karatasi ya manispaa, na karatasi ya manispaa ilisema thelathini na sita. Chumba cha nyuma hakikuwa na kibali. Mafundi walifunga lile dogo, wakalitoa lile pipa uani, wakalivunja kwa nyundo kubwa na kulipiga picha likiwa vipande, kwa sababu hivyo ndivyo mkataba ulivyotaka.

Edita alichungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwa Zunilda Barría, madirisha yote mawili yalikuwa wazi, nje kukiwa na baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri. Pazia lilipepea nje. Zunilda mwenyewe alipita ndani akiwa na blauzi isiyo na mikono, anajipepea kwa gazeti.

"Huyu mwanamke," Edita alisema peke yake, "anapasha joto mbingu."

Akavaa koti, akamwambia mumewe anakwenda ofisini.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia waje walale hapa usiku mmoja."

"Usiwatukane, Mama Nelda. Hao ukiwatukana wanaandika."

*

Ofisini kulikuwa na joto la umeme linaloshuka toka darini, na watu waliokaa kwenye foleni walikuwa wamefungua makoti. Alingoja saa moja na nusu. Bwana Fabricio Quezada, mpimaji, alikuwa kijana mpole mwenye kucha safi, na alipomwona alisimama kumvutia kiti.

"Karibu, mama. Mzee anaendeleaje?"

"Anaganda. Jiko ni dogo."

"Jiko si dogo, mama. Linalingana na mita thelathini na sita."

"Nyumba yangu ina arobaini na tisa na nusu. Ulikiona kile chumba. Uliingia, ukamsalimia mume wangu, akakukaribisha chai ya mate."

"Nilimsalimia, kweli. Lakini sikukipima. Chumba kisicho na kibali siruhusiwi kukipima."

"Na aliyelala ndani yake?"

"Huyo yumo." Aligeuza kioo cha kompyuta aone. "Hapa. Wakazi: wawili. Hatukumwacha nje."

Edita alivuta kiti mbele. Alizungumza taratibu, kama anamfundisha mtu kukanda unga. "Nisikilize, mwanangu. Jiko halipimwi kwa sakafu peke yake. Paa langu liko juu, mita tatu. Joto lote linapanda kwenda kukaa na buibui. Ukuta ni ubao wa inchi moja, na ndani yake hakuna kitu, ni gazeti tu. Upepo unatoka mtoni unaipiga nyumba ubavu mzima. Nyumba kama hiyo ukiipa jiko dogo, unalichochea mpaka linakuwa jekundu, linapasuka. Ukiipa kubwa kupita kiasi, unalibana hewa, linajaa masizi, dohani inashika moto. Kila nyumba ina jiko lake, kama mguu na kiatu. Mie nakuambia hii yangu inataka kumi, au hiyo kumi na mbili."

Quezada alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, unajua kuliko mafundi wetu. Ungefaa kufanya kazi hapa."

"Nikifanya kazi hapa siku ya kwanza nawasha moto kwa hilo jedwali lenu."

Foleni ilicheka. Quezada naye alicheka kidogo, halafu akakunja mikono mezani.

"Njia ipo. Ukitaka chumba kiingie kwenye kumbukumbu, unapeleka mchoro wa msanifu, saini ya jirani wa upande huo, na mwenye nyumba afike mwenyewe manispaa."

"Mwenye nyumba hawezi kufika mlangoni."

"Basi kuna jambo lingine ambalo sipendi kulisema. Chumba chako kiko nusu mita tu kutoka mpakani. Sheria inataka mita moja na nusu. Ukikitaja manispaa, wanaweza kuamuru kibomolewe."

"Mwezi wa Julai, na baridi hii? Na mtu ndani?"

"Sheria haiangalii majira, mama."

Edita aliangalia mikono yake. "Zunilda Barría wa mkabala wangu ana jiko la kumi na mbili. Nyumba yake haifiki mita thelathini na nne."

"Kwenye karatasi ina sabini."

"Nusu yake iliungua! Mji mzima ulikwenda kuzima. Miaka tisa sasa!"

"Hakuna aliyeleta taarifa," alisema Quezada, na kwa kweli alionekana kusikitika. Alimpa fomu ya kuomba ukaguzi upya. "Ijaze hii. Huchukua siku ishirini na moja za kazi, wakati mwingine zaidi. Mimi nitaisukuma, nakuahidi."

Aliijaza pale pale, kwa herufi kubwa, akaiacha.

*

Hakupita kwake. Alivuka barabara moja kwa moja, akagonga kwa Zunilda. Mlango ulipofunguka joto lilimpiga usoni kama la tanuri la mikate.

"Ingia, shoga, ingia, vua hilo koti kabla hujaiva," alisema Zunilda. Alikuwa mjane wa miaka sitini na tatu, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia kondoo. "Unaona mateso haya? Nikiliwasha nachemka. Nikilibana linatema lami. Juzi dohani imenguruma, nikasema leo naungua mara ya pili, na safari hii nimo ndani."

Edita aliinama kwenye bomba. Chini ya kiungo palikuwa na mchirizi mweusi unaonata, umetiririka mpaka sakafuni.

"Zunilda, hili litakuua."

"Najua. Nimewaambia ofisini. Wananiambia nina bahati, nimepewa kubwa."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na neno hilo hilo mdomoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitoa. Mwishowe Edita alisema, "La kwangu sita. Kwa nyumba yako hii ni saizi yake hasa. Unaweka kipande kimoja, unakaa kama malkia."

"Na la kwangu linamfikia Rosamel."

"Linamfikia."

Zunilda aliziba mdomo kwa kiganja. "Wakijua?"

"Wajue nini? Majiko mawili, nyumba mbili. Hakuna kilichoibiwa."

"Mwite Nolberto," Zunilda alisema. "Upesi, kabla sijapata akili."

Nolberto Huenchur ndiye aliyeyafunga majiko yote mawili, kwa niaba ya mkandarasi. Kabla ya hapo alikuwa akisukuma magogo kiwandani pamoja na Rosamel. Alifika baada ya chakula cha mchana na shemeji yake, akasimama katikati ya sebule ya Edita na kofia mkononi, akasikiliza kikohozi kutoka nyuma.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nilipolitua hapa nikajua. Nikajiambia, Nolberto, funga skrubu zako, nyamaza, una watoto."

"Na leo?"

"Leo si siku yangu ya kazi." Akavaa kofia. "Bomba ni inchi sita kote kote. Kazi ya saa mbili. Zimeni moto wote muda huu huu, mimi siungui kwa ajili ya serikali."

Lile kubwa lilikuwa na kilo mia moja na thelathini. Walilitoa kwa Zunilda juu ya mbao mbili, wakalilaza kwenye karatasi ya bati la paa iliyokunjwa pua mbele, wakafunga kamba, na wanaume wawili wakavuta huku wanawake wawili wakisukuma. Barabara ilikuwa barafu tupu. Bati liliteleza vizuri kupita matarajio, likashika mwendo lenyewe, likamkimbiza shemeji wa Nolberto mpaka akajitupa kwenye rundo la theluji. Zunilda alicheka mpaka akakaa chini katikati ya barabara. Edita naye alicheka, na akashtuka kusikia sauti yake. Watu walitoka kwenye mageti. Mzee mmoja akauliza, "Mnahama?"

"Tunabadilishana waume!" Zunilda akamjibu.

Lile dogo nalo walilivusha kwa Zunilda, na saa kumi jioni moto uliwashwa. Edita aliweka gogo zima, la sentimita thelathini na tatu, bila kulikata, nalo likaingia na nafasi ikabaki. Hakulichochea. Alikaa tu kwenye kiti na kulitazama. Lilichukua muda, jiko kubwa huwaza kwanza. Halafu joto likaanza kutembea, likapita sebuleni, likafika mlangoni, likaingia.

Kipimajoto cha chumba cha nyuma kilipanda mpaka kumi na mbili, kumi na tano, kumi na tisa. Rosamel alivua kofia. Baadaye kidogo akatoa mkono mmoja nje, akautazama, akatoa na wa pili. "Njoo unifungue vifungo," alisema. Edita alimvua lile koti la kiwandani, ambalo hakulivua tangu mwisho wa Mei. Chini yake kifua kilikuwa mifupa mitupu, na shati limeshikana na ngozi. Alimwogesha kwa maji ya moto palepale kitandani, shingo, makwapa, mgongo, na Rosamel akafumba macho kama mtoto.

"Sasa naweza kugombana na wewe vizuri," alisema.

"Gombana."

"Kesho. Sasa nina usingizi."

*

Kwa miaka yote aliyoishi mjini hapo Edita alikuwa hajapata kuona ofisi ikifanya jambo kwa haraka. Kesho yake saa mbili na nusu asubuhi Quezada alibisha mlangoni, amebeba kompyuta yake kifuani, uso umejaa furaha.

"Una bahati, mama! Mtu mmoja ameahirisha, nikasema nafasi hii ni ya Bi Edita. Nimekuja kukagua upya."

Edita alisimama mlangoni na hakusogea. Joto lilimpita pande zote mbili, likamfikia kijana usoni.

"Mbona kuna joto zuri tu?" alisema Quezada. Kisha akaliona jiko, juu ya bega la Edita.

Aliingia. Alichuchumaa nyuma ya jiko, akasoma kibati chenye namba, akasoma tena kwenye kompyuta. Alipoinuka furaha ilikuwa imemtoka, na badala yake palikuwa na kitu kibaya zaidi ya hasira. Alikuwa na hofu.

"Mama. Hili ni la nani?"

"La serikali. Na lile pia la serikali. Serikali haijapoteza kitu."

"Mama, mimi nimetia saini hapa. Kila namba na nyumba yake. Hili likijulikana ni mimi."

"Basi lisijulikane. Kunywa chai ya mate, rudi zako. Nenda mlangoni pale umtazame. Amelala. Tazama."

Quezada hakwenda mlangoni. Alitoka nje, akapiga simu, akazungumza kwa muda mrefu akiwa ameipa nyumba mgongo. Aliporudi alizungumza kama mtu anayesoma. Kifaa cha serikali kilichohamishwa bila idhini huondolewa mpaka uchunguzi umalizike, siku thelathini. Vyote viwili. Gari linakuja saa nane. Tafadhali moto uzimwe.

"Niletee basi lile dogo," Edita alisema. Alisikia sauti yake ikishuka. "Nakuomba, mwanangu. Chukua hili, mrudishie Zunilda la kwake, mimi nirudishie dogo langu. Hata leo. Nitatia saini popote."

"Yote mawili ni ushahidi, mama."

"Na mgonjwa?"

"Nitaandika kuwa kuna mgonjwa."

Gari lilikuja saa nane kamili. Edita alikuwa hajauzima moto. Aliyeuzima ni mpakizi mmoja, kwa ndoo mbili za maji, na mvuke uliojaa nyumba ulimfanya Rosamel akohoe mpaka midomo ikawa ya buluu. Walilifunga jiko likiwa bado la moto, kwa magunia yaliyolowa. Ng'ambo, walikuwa wanatoa lile dogo. Quezada alisimama na Zunilda kwenye ngazi, naye Zunilda alikuwa analia na kupunga mikono, na katika baridi ile kila neno lilivuka barabara.

"Mimi sijui mambo hayo! Ni yeye aliyekuja! Mimi nimeishi na jiko langu vizuri tu. Kaja kunililia mume wake anakufa, ningefanyaje? Andika hivyo. Andika ni yeye."

Quezada aliandika. Zunilda akatia saini juu ya goti lake.

Shemeji wa Nolberto alipita jioni na habari kwamba mkandarasi amemwambia Nolberto asirudi kazini. Nolberto mwenyewe alikuja baada yake, amebeba hita ya umeme. Hakutaja kazi. Waya wa mtaa ule ulikuwa dhaifu. Hita iliwaka nusu saa, umeme ukakatika, ikawaka tena nusu saa. Dukani waliuza majiko, lakini kwa sheria mpya hawamuuzii mtu bila cheti cha ofisi, na cheti chake kilikuwa kimezuiwa. Siku ya kwanza chumba cha nyuma kilisoma nyuzi nne. Siku ya pili kilisoma moja. Edita alilala humo, ndani ya mablanketi pamoja naye, amemkumbatia mgongo, mtungi wa oksijeni ukiwa kati ya miguu yao kama mtoto.

"Hata hivyo nimelala vizuri usiku ule mmoja," Rosamel alimwambia.

Siku ya tatu alimpeleka hospitali. Kulikuwa na joto huko, wodi nzima, hata kwenye korido ambako hakulala mtu. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Muuguzi alijaza karatasi na kumuuliza kama nyumbani kuna kifaa cha kupashia joto.

"Kipo," Edita alisema. "Kipo ofisini, kinachunguzwa."

Rosamel Cárcamo alikufa Alhamisi saa tisa alasiri, wakati Edita amekwenda kumpigia simu binti yao Nelda aliyeko Punta Arenas.

Nelda alikuja kuzika, akakaa siku nne, akamsihi mama yake waondoke wote, akaondoka peke yake. Siku moja baada ya hapo Zunilda alisimama getini na chungu cha supu ya kondoo kilichofungwa kwa taulo. Tangu jiko lake lichukuliwe alikuwa akilala kwa mwanawe. Pua yake ilikuwa nyekundu. Edita alitoka, akapokea chungu juu ya geti, akaimimina supu kwenye sufuria yake mwenyewe, akakiosha chungu, akakirudisha. Geti hakulifungua.

"Edita," Zunilda alisema.

"Supu imepoa, lakini nashukuru," alisema Edita, akaingia ndani.

*

Uchunguzi ulimalizika katikati ya Agosti. Haukupata hatia ya jinai, barua ilisema, na kila mhusika atarudishiwa kifaa chake halali. Quezada alikuja na mafundi wawili wapya, wageni wa mji, nao walilifunga lile dogo pale pale lilipokuwa mwanzo. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa, na nyufa zake Edita alizijaza vitambaa, maana hakukuwa na haja tena ya kukipasha joto.

Moto uliwashwa. Baada ya robo saa sebule ilikuwa na joto la kutosha mtu kuvua koti. Jiko halikuwa jekundu mahali popote. Liliwaka polepole, kimya, bila moshi, kama linavyoonyeshwa kwenye tangazo ukutani mwa ofisi.

Quezada alikaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa amekonda. "Pole sana, mama. Sikupata nafasi ya kuja msibani."

Edita aliinama akafunga mlango wa jiko.

"Nina maswali machache tu. Ni lazima." Alishusha macho kwenye fomu. "Wakazi?"

"Mmoja."

Akaandika. "Joto linatosha?"

Edita alilitazama jiko, akaitazama sebule yake ukuta hadi ukuta, kwa macho ya mtu anayepima kweli.

"Linatosha," alisema. "Sasa ndiyo saizi yake."

Quezada alisita, kalamu juu ya karatasi, halafu akaweka alama kwenye kisanduku. Akamgeuzia fomu. "Saini yako hapa chini. Na hapa, kama una maoni."

Alichukua kalamu. Pale pa saini hakuandika. Aliandika kwenye mistari ya maoni, kwa herufi zile zile kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka mahali pawili: CHUMBA CHA NYUMA. MITA TATU KWA NNE NA NUSU. ALIISHI HUMO ROSAMEL CÁRCAMO, MPASUA MBAO.

"Mama," Quezada alisema taratibu, "hii siwezi kuipeleka. Chumba hakimo."

"Ipeleke."

"Watairudisha. Itabidi nije tena na fomu mpya."

"Njoo," alisema Edita. "Nitaandika tena."

Aliinuka, akamfungulia mlango, akausimamia wazi, na baridi yote ya Agosti ikaingia ndani wakati kijana yule akitafuta mahali pa kuiweka fomu ambayo haikuwa na saini.